Alfajiri Arobaini za Kirezi

23 Februari

Kwa jina la Mungu aliye hai, aliyeutenga usiku na mchana na kumpa kila kiumbe saa zake, naanza. Amani iwe kwako, wewe utakayelishika daftari hili baada yangu, uwe wa ukoo wetu au mgeni. Nakusalimu kwa heshima, nawe univumilie, kwa maana mwandishi ni mzee na yapo mengi yanayomchosha.

Daftari hili sikulitaka. Nimeagizwa. Muuguzi wa kituo cha afya, Niyigena, ambaye nilimfundisha shule ya Jumapili akiwa bado hajui kufunga vifungo vya shati, leo ameniagiza kama mtoto. "Mzee, andika kila siku. Akianguka, andika saa. Jambo lolote usilolielewa, andika."

Anayeanguka ni mjukuu wangu Kirezi, mwenye miaka kumi na saba. Wiki iliyopita, katika shule ya bweni anakosoma, alianguka mstarini asubuhi, akakakamaa, akatupa mikono na miguu, akajiuma ulimi. Wamemrudisha nyumbani. Barua ya mkuu wa shule inasema arudi na karatasi ya daktari siku ya kufungua muhula wa tatu, tarehe 20 Aprili; asiporudi, atarudia mwaka. Naye yumo mwaka wa mwisho.

Niyigena aliniuliza mambo mawili. Je, lipo jambo lingine, dogo, la ajabu, ambalo mtoto hulifanya? Nikajibu, hakuna. Je, katika ukoo yupo mwenye kifafa, kile ambacho majirani hukiita igicuri? Nikajibu, hakuna. Akatupatia vidonge vya kabamazepini, asubuhi na jioni, na miadi ya tarehe 26 Machi hospitalini, siku ambayo daktari wa ubongo huja kutoka Kigali.

24 Februari

Kirezi ameangusha kikombe cha chai. Uzembe.

25 Februari

Mvua tangu alfajiri. Kikombe kingine. Mke wangu Verediane ameokota vipande bila kusema neno, jambo ambalo si kawaida yake.

27 Februari

Nimemwuliza Kirezi, kwa upole, kwa nini mikono yake haishiki.

"Babu, mi siangushake kwa kupenda. Mikono inaruka yenyewe. Ni kama mutu amenisukuma hapa kwa kiwiko."

"Nani amekusukuma?"

"Hakuna mutu."

"Basi."

Nimeliona kuwa jibu la binti asiyependa kuosha vyombo. Siliandiki kwa ajili ya Niyigena. Naliandika kwa sababu limeniudhi.

1 Machi

Mimi ni mzee wa kanisa. Nilisoma miaka minne katika chuo cha Biblia huko Kigoma, ndiyo maana Kiswahili changu hakifanani na kile cha nyumba hii, ambacho tulirudi nacho kutoka Masisi, ng'ambo ya mpaka, pamoja na masufuria.

Leo tumeanza mnyororo wa maombi wa siku arobaini kwa ajili ya Kirezi, saa kumi na nusu alfajiri hadi saa kumi na mbili. Waumini wanapokezana kwa zamu. Mimi na Kirezi hatuna zamu. Sisi ni kila siku. Tunaamka saa kumi.

2 Machi

Ameangusha kijiko.

3 Machi

Kikombe.

4 Machi

Kikombe. Tena alisinzia katikati ya maombi yanayofanywa kwa ajili yake mwenyewe. Nimemgusa bega mara tatu.

5 Machi

Verediane amenunua vikombe vya plastiki na kuvipanga mezani mbele yangu kama hoja.

"Baba Donat," amesema, kwa maana huniita kwa jina la mwana wetu wa kwanza, baba yake Kirezi, aendeshaye malori huko Kigali. "Mutoto amelala masaa ine tu. Hata mbuzi banalala."

"Mbuzi hawaombi."

"Njo maana banaamuka na afya."

Sikujibu. Ndoa ya miaka arobaini na mitano humfundisha mtu mahali pa kunyamaza, ingawa yeye haijamfundisha.

8 Machi, Jumapili

Ameanguka kwenye ngazi za kanisa, saa kumi na mbili na dakika ishirini, tukitoka kwenye maombi. Ilichukua dakika mbili hivi. Nimeandika saa kama nilivyoagizwa.

Nisiloagizwa kuliandika ni haya. Narcisse, kiongozi wa kwaya, mtu mwenye sauti nzuri na busara haba, alinyoosha mikono kuwazuia watu, akapaza sauti: "Musiguse mate yake! Mate ndiyo inapitisha!" Watu walirudi nyuma hatua tatu, watu wale wale waliokuwa wamemwombea saa moja na nusu. Verediane peke yake alipiga magoti katika tope, akamlaza mtoto ubavu, akaweka kitenge chini ya kichwa chake, akamwambia Narcisse maneno ya Kinyarwanda ambayo siku ya Bwana hayafai kuandikwa. Mimi nilisimama nikiwa nimeshika saa mkononi.

9 Machi

Mvua usiku kucha. Maji yameingia kanisani hadi madhabahuni. Mnyororo umesimama.

10 Machi

Mvua. Hakuna jambo.

11 Machi

Mvua. Hakuna jambo. Kirezi amelala hadi saa moja na nusu. Aibu.

12 Machi

Amenimiminia chai hadi ukingoni bila kumwaga tone. Nimemsifu kwamba hatimaye amejirekebisha. Ameniangalia kwa namna ambayo sikuielewa.

13 Machi

Tumetoa tope. Mnyororo umeendelea.

14 Machi

Kikombe. Ni cha plastiki, kimedunda.

15 Machi

Vikombe viwili, na sabuni ikamruka mkononi.

17 Machi

Leo nimekasirika na kila mtu, na nimeomba msamaha kwa Mungu peke yake.

Saa kumi na mbili na nusu Kirezi alikuwa akikoroga uji wa bibi yake. Mikono iliruka mara tatu, nne, kama mtu anayeshtuliwa na umeme, kisha akaanguka mzima mzima na sufuria ikamfuata. Ameungua mkono wa kushoto kutoka kiganja hadi karibu na kiwiko. Dawa anameza. Maombi tunaomba. Kila kitu tulichoambiwa tunakifanya, na kila kitu kinazidi.

Niyigena amefunga kidonda na kusema tusubiri tarehe 26. Narcisse amekuja na ushauri: apelekwe Nyamyumba kwenye chemchemi ya maji ya moto, aoshwe siku saba, na kwa sasa asiketi na kwaya, "kwa sababu ya watoto wadogo." Nikamwuliza kama watoto wadogo wanaimba kwa mate. Akasema, "Muzee, usikasirike, mi ninapenda tu ninyi." Donat amepiga simu kutoka barabarani kuuliza kama nimeomba. Nimeomba! Verediane haongei nami. Anaongea na sufuria.

Hivyo nimeamua. Mnyororo utaanza saa kumi kamili badala ya saa kumi na nusu.

18 Machi

Kikombe.

19 Machi

Kikombe. Nimechoka kuandika neno hili.

20 Machi

Binti yangu Pulchérie amekuja kutoka Kanama na gunia la viazi. Ana miaka thelathini na minne, ni mke wa Hitimana, mama wa watoto wawili. Wenye kulijua kanisa letu wanamjua: ujanani alianguka mara nyingi kama Kirezi, tukafunga na kuomba siku ishirini na moja, akapona. Miaka kumi na sita nimeushuhudia uponyaji ule madhabahuni, kila mwaka katika juma la sala. Niyigena aliponiuliza juu ya ukoo sikumtaja, kwa maana aliyepona si mgonjwa.

Alichukua pakiti ya Kirezi, akaisoma pande zote mbili, akauliza, "Nani alimupa hii? Tangu aanze, mikono imetulia ao imezidi?"

Nikamwambia kwamba muuza viazi hapaswi kumkagua muuguzi. Akacheka kidogo, bila furaha, akasema atafuatana nasi hospitalini.

26 Machi

Leo sitaandika kwa ufupi.

Tulikwenda wanne: Kirezi, Verediane, Pulchérie nami. Daktari anaitwa Nkusi. Nilitazamia mwanamume mwenye mvi. Alikuwa mwanamke mwenye umri wa Pulchérie, mwenye Kiswahili cha shule lakini kilichonyooka. Nilimweleza maanguko matatu, kwa mpangilio, pamoja na saa zake. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Na asubuhi huwaje, mzee?"

"Asubuhi huwa tunaomba."

"Yeye. Yeye huwaje?"

Kabla sijafungua kinywa Verediane alipaza sauti hadi wa nje wakasikia: "Anaangushaka vikombe, Dogta! Kila siku vikombe! Na huyu anasemaka ni uvivu!"

Daktari aliweka kalamu chini. Akaliona daftari kwapani mwangu, akaniomba nimsomee, tarehe kwa tarehe, mtoto aliamka saa ngapi na nini kilimtokea. Mimi ni msomaji. Nimesoma mbele ya watu miaka hamsini. Nikasimama. Tarehe mbili, aliamka saa kumi, kijiko. Tarehe tatu, aliamka saa kumi, kikombe. Tarehe nane, aliamka saa kumi, alianguka. Yeye akawa anachora vijistari katika karatasi. Tarehe kumi, hakuamshwa, hakuna jambo. Tarehe kumi na moja, alilala hadi saa moja na nusu, aibu. Tarehe kumi na mbili, chai hadi ukingoni. Nilipofika siku ya uji sikuweza kuendelea, nikaketi. Hakuna mtu aliyenishitaki. Nilikuwa nimejisomea hati yangu mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri.

"Mikono inayoruka ni kifafa, mzee," alisema daktari. "Ni kidogo kinachotangulia kikubwa. Aina hii hujitokeza katika ujana, hupenda saa za kuamka, na kinachoichochea kuliko vyote ni usingizi uliokatwa. Dawa mliyopewa ni nzuri kwa aina nyingine. Kwa aina hii huongeza kuruka. Muuguzi hakukosa. Aliambiwa nusu ya habari."

Nilitazama viatu vyangu.

Akamgeukia Kirezi. Alipokuwa mdogo, je, aliwahi kuzubaa ghafla katikati ya neno, kisha akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea?

"Babu anajua," alisema Kirezi.

Nilijua. Alikuwa na miaka minane. Katika shule ya Jumapili alikuwa akinyamaza katikati ya aya, macho yakitazama mahali pasipo na kitu, nami nikampiga vidole kwa rula. Mara nyingi. Nilidhani ni dharau.

"Hicho nacho kilikuwa kifafa," alisema daktari. "Cha utotoni. Kwa wengine huisha, kwa wengine hubadilika sura wanapokua. Sasa niambieni ukoo."

Akachora ukoo wetu kwenye karatasi, duara la Kirezi na mraba wa baba yake, na juu yao sisi. Nikasema hakuna. Kisha, kwa kuwa Pulchérie alikuwa ameketi pale pale, nikaongeza kwamba huyu aliwahi kuanguka, akaponywa na Mungu kwa maombi, na kanisa zima ni shahidi. Pulchérie akafungua mkoba wake, akatoa pakiti ya vidonge, akaiweka juu ya meza.

"Baba, mi sikuponaka. Nilinyamaza tu."

"Tangu lini?"

"Miaka kumi na sita. Ninamezaka asubuhi na jioni. Ulisimama kanisani, ukasema nimepona, watu wakapiga vigelegele. Mi ningesema nini? Niseme Baba amedanganya, ao niseme Mungu amedanganya?"

Nikamtazama Verediane. Alikuwa akiangalia dirisha kwa bidii kubwa. Hitimana alijua tangu uchumba. Donat alijua. Kirezi mwenyewe alijua; ndiye aliyekuwa akitumwa kuchukua vidonge shangazi yake akija kutusalimia. Nyumba nzima ilijua isipokuwa mwenye nyumba.

Daktari alisoma pakiti ile, ni valproati, akamwuliza Pulchérie kama bado anataka kuzaa. Pulchérie akasema ndiyo, kwa sauti ndogo. Akaambiwa kwamba dawa ile ina nguvu, lakini inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Asiiache ghafla hata siku moja, arudi mwezi ujao, watabadilisha taratibu kabla ya mimba. Miaka kumi na sita hakuna aliyemwambia neno hilo, kwa maana dawa inayomezwa kwa siri haina wa kuulizwa.

"Na wewe, mzee?" akauliza daktari.

"Mimi sijaanguka hata mara moja."

"Sikuuliza kuanguka."

Verediane akaanza kucheka, Mungu amsamehe. "Dogta, muulize juu ya ndevu!" Ikanibidi nieleze kwamba nilizifuga nikiwa chuoni, kwa sababu wembe wa asubuhi ulinikata mara nyingi kupita kiasi. Mkono ulikuwa unaruka. Nilidhani ni baridi. Daktari akautia mraba wangu wino nusu, kwa maana wagonjwa kamili aliwajaza mzima.

Nikauliza swali ambalo nadhani kila mzee angeuliza: basi ni dhambi ya nani?

"Hakuna aliyekosa. Ni urithi, kama urefu. Mmoja huupata wote, mwingine robo, mwingine hapati kitu. Hata sisi hatujui daima kwa nini."

Wakambandika Kirezi nyuzi kichwani, wakapima umeme wa ubongo huku taa ikimmulika machoni. Mistari ilipanda na kushuka kama milima ya kwetu, na daktari akaridhika kwamba ndiyo aina aliyoitaja. Amempa dawa nyingine, levetirasetamu, itakayoongezwa kidogo kidogo huku ile ya kwanza ikipunguzwa. Ametoa na karatasi ya shule: Kirezi aruhusiwe kusoma, alale masaa nane, asiamshwe kabla ya saa kumi na mbili.

27 Machi

Sikuandika.

28 Machi

Narcisse amekuja kuniuliza kwa nini sisi wawili tumeukosa mnyororo, na zimebaki siku kumi na mbili tu. Nikamwambia waendelee, nami nitakuja. Kirezi hatakuja tena.

"Maombi ya mugonjwa bila mugonjwa, Muzee?"

"Mungu anamjua anakolala."

Akaenda akitikisa kichwa. Mwezi mmoja uliopita ningetikisa pamoja naye.

31 Machi

Hakuna jambo.

2 Aprili

Kikombe kimoja. Dawa bado haijafika kipimo chake. Nimeandika saa.

6 Aprili

Hakuna kikombe, lakini pana ulimi. Kirezi ameniambia kwamba ninatafuna kwa sauti. Amemwambia Verediane kwamba anapika kama mtu anayelipiza kisasi. Akaingia chumbani, akalia, akatoka, akaomba radhi, akakasirika tena. Niyigena amempigia daktari, na jibu ni kwamba dawa hii huwafanya wengine wawe wepesi wa hasira. Tumwangalie, na ikizidi tuseme.

Verediane anasema si dawa. "Hayo yote ni kweli, Baba Donat. Sasa tu njo anayasema."

10 Aprili

Ametulia. Hakuna jambo. Mvua imenyesha kwa muda wa saa sita na hakuna aliyelalamika.

12 Aprili, Jumapili

Siku tatu nimebishana na nafsi yangu. Nikisema ukweli, wengi wataona nimemvua Mungu sifa. Nikinyamaza, binti yangu ataendelea kujificha na pakiti yake hadi kaburini, na Kirezi atajifunza kutoka kwake namna ya kuficha. Jana nilikwenda Kanama kumwomba Pulchérie ruhusa, kwa maana habari ni yake. Alimaliza kumenya kiazi alichokishika. Kisha akasema, "Sema. Lakini nitakuwa pale. Nataka kuona nani anarudi nyuma."

Leo nimesimama. Nikasema: ushuhuda niliowapa miaka kumi na sita haukuwa kamili. Binti yangu hakuacha kuugua. Anameza dawa, na kwa dawa hiyo Mungu amemhifadhi. Niliharakisha kutangaza kwa sababu nilipenda kutangaza. Ugonjwa huu umo katika damu yangu, na mate hayaupitishi.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Watu wawili walitoka nje. Narcisse alikaa akitazama kitabu cha nyimbo kilichofungwa. Pulchérie alikuwa amesimama kando ya ukuta, mikono ameifunga kifuani. Baada ya ibada mama mmoja kutoka Bugeshi, nisiyemjua jina, alinishika mkono nyuma ya kanisa na kuniuliza, kwa sauti ya chini sana, huyo daktari huja siku gani.

20 Aprili

Tumempeleka Kirezi shuleni. Siku kumi na nane bila kikombe, siku thelathini na nne bila kuanguka.

Mkuu wa shule ni Benon, ambaye utotoni aliketi katika benchi la mbele la darasa langu. Alisoma karatasi ya daktari, akafurahi, hadi alipofika mstari wa mwisho.

"Mzee wangu, hapa pana shida. Wasichana wote huamka saa kumi na dakika arobaini na tano. Wanaomba, halafu wanajisomea. Nikimwachia mmoja alale, kesho nitakuwa na wagonjwa sitini."

"Ataamka saa kumi na mbili."

"Na maombi?" Akatabasamu, si kwa ubaya. "Si wewe uliyetufundisha kwamba anayelala alfajiri anamfungulia shetani mlango? Mimi utaratibu huu niliujenga juu ya neno lako."

Kirezi alisimama kati yetu na godoro lake, mkono wa kushoto ukiwa na kovu jekundu lililong'aa. Hakunitazama. Alikuwa akingoja kuona nitasema nini, kama alivyongoja miaka yote.

Nilikuwa na jibu la kitaalamu, na jibu la Maandiko, na jingine la umri, kwamba mkubwa haulizwi. Sikutumia hata moja. Nikamwambia:

"Benon, nilikosea. Nilimwamsha huyu alfajiri siku ishirini na moja ili apone, na ni mimi niliyekuwa nikimwangusha. Mkono huo unaouona ulichomwa na neno langu. Ukimwamsha, utakuwa unalitii neno ambalo mwenyewe nimelifuta."

Akamwuliza Kirezi kama ni kweli anataka kulala wenzake wakiamka, na kama hataona haya.

"Haya nilionaka sana pale nilianguka mustarini," alisema Kirezi. "Hii ya kulala haiwezi kunishinda."

Benon akacheka, akaita mlezi wa bweni, akaamuru apewe kitanda cha pembeni, mbali na mlango na mbali na taa. Akaipiga karatasi muhuri. Kirezi alilibeba godoro lake kichwani mwenyewe, akageuka mara moja, akasema, "Babu, rudi kabla ya mvua," kama mtu mzima amwambiavyo mtoto.

21 Aprili

Saa kumi niliamka, kwa kuwa mimi sijui kulala. Nimeomba kwa kunong'ona.

3 Mei

Amepiga simu kwa kutumia simu ya mlezi. Wenzake wamempa jina la utani, Malkia. Amechoshwa nao, anasema, na kwa hesabu ameshika nafasi ya nne. Hajaanguka. Ameniuliza kama ningali naandika, nikamwambia naishia hapa, kurasa zilizobaki atazijaza mwenyewe, kwa maana ugonjwa ni wake na utamfuata ukubwani, nao unahitaji mwandishi asiyekasirika upesi.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu aihifadhi nyumba yako, wakubwa kwa wadogo. Akupe watu wa kukuambia ukweli mapema, na sikio la kuwasikia. Walio na dawa wazimeze mchana kweupe bila hofu. Na walalao katika nyumba yako walale usingizi wao wote, hadi jua litakapowaamsha lenyewe. Amina.